Mpiga Upinde wa Peni Sita: Kukusanya na Kupaka Rangi Askari Wadogo wa Azincourt

Hotuba kwa wazungumzaji wa Kiswahili waishio Leeds, Uingereza

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, mabibi na mabwana, nanyi vijana mliokaa karibu na meza,

Nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza juu ya kazi ambayo wengi wenu mmeiona kwa mbali tu: kukusanya visanamu vya askari wa Zama za Kati, kuvipaka rangi kimoja kimoja, na hatimaye kuvipanga mezani katika mchezo wa vita wenye kanuni, dadu na utepe wa kupimia. Sitajaribu kueleza visanamu vyote vilivyopo duniani. Nitajifunga kwenye jeshi moja, jeshi la Mfalme Henry wa Tano wa Uingereza, lililowashinda Wafaransa kaskazini mwa Ufaransa tarehe 25 Oktoba 1415, mahali ambapo Wafaransa wanapaita Azincourt na Waingereza Agincourt. Ndani ya jeshi hilo nitamfuata zaidi mtu mmoja, mpiga upinde aliyelipwa peni 6 kwa siku, kwa kuwa naamini kwa dhati kwamba mkusanyaji anayeanza na mtu huyo atajifunza mengi kuliko yule anayeanza na mfalme.

Visanamu ninavyovisema vina kimo cha milimita 28 hivi, kipimo ambacho watengenezaji wengi hukichukua kuanzia nyayo hadi machoni. Vipo vidogo zaidi, vya milimita 15 na hata 6, vinavyowafaa wale wanaotaka kuona jeshi zima likijaa mezani. Na vipo vikubwa vya milimita 54, ambavyo ni jamaa wa askari wa kuchezea waliouzwa madukani mwa London tangu mwisho wa karne ya 19. Kwa mtu anayetaka kupaka rangi na kucheza pia, napendekeza milimita 28, kwa sababu uso unaonekana vizuri, na meza ya kawaida ya nyumbani bado inatosha kwa mapigano ya maana. Zamani karibu vyote vilikuwa vya madini, mchanganyiko wa risasi na bati uliomiminwa katika kalibu ya mpira iliyokuwa ikizungushwa kwa kasi, ili madini yafike hadi kwenye ncha ya upanga. Siku hizi vingi ni vya plastiki ngumu, inayosukumwa kwa shinikizo ndani ya kalibu ya chuma na kutoka ikiwa imeshikamana na fremu yake. Mkusanyaji hukata mikono, vichwa na silaha, kisha huviunganisha kwa gundi.

Mji wa Nottingham, ulio kusini mwetu, ndio wenye sifa kubwa zaidi ya kazi hii katika nchi hii. Pacha wawili wa mji huo, Alan na Michael Perry, wamechonga visanamu kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2001 wana kampuni yao wenyewe, Perry Miniatures, ambayo askari wake wa Azincourt ndio ninaowatumia katika mifano ya leo. Michael alipoteza mkono wake wa kulia katika ajali ya mzinga wakati wa maigizo ya vita vya kale, naye alikuwa mtu wa kutumia mkono huo katika uchongaji. Akajifunza upya kwa mkono wa kushoto, na ameendelea kuchonga hadi leo. Pale Tower of London ilipoandaliwa maonyesho ya kuadhimisha miaka 600 ya vita hivyo mwaka 2015, ni visanamu vyao, maelfu kwa maelfu, vilivyojaza mfano mkubwa wa uwanja wa Azincourt.

Kuhusu asili ya mchezo wenyewe nitasema kwa kifupi. Maofisa wa Prussia walikuwa wakijifunza uongozi wa jeshi kwa mchezo wa ramani na dadu tangu mwaka 1824, na mwandishi H. G. Wells alichapisha kanuni za kucheza na askari wa madini sakafuni mwaka 1913. Yaliyofuata ni ya kina na ya kuvutia, lakini hayatatusaidia kushika brashi.

Kabla ya rangi kuna hesabu. Jeshi la mwaka 1415 halikuwa jeshi la kudumu. Mfalme aliingia mikataba na makabaila wake mmoja mmoja, kwamba kila mmoja ataleta watu wa idadi fulani, kwa muda fulani, kwa malipo fulani. Mkataba uliandikwa mara mbili juu ya kipande kimoja cha ngozi, kisha ngozi ikakatwa kwa mstari wa kupindapinda, kila upande ukabaki na nusu yake. Ukitokea ugomvi, nusu hizo mbili zilikutanishwa, na kingo zikioana hakuna wa kubisha. Mikataba ya aina hiyo imehifadhiwa hadi leo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Kew, London, pamoja na orodha za majina zilizotumiwa siku za ukaguzi wa askari. Humo tunakuta viwango vya malipo ya siku moja: kabaila wa cheo cha duke shilingi 13 na peni 4, wa cheo cha earl shilingi 6 na peni 8, naiti shilingi 2, askari wa kawaida wa deraya, yaani vazi la chuma la vita, shilingi 1, sawa na peni 12, na mpiga upinde peni 6. Malipo ya miezi mitatu ya kwanza yalitolewa mapema; kwa miezi mitatu iliyofuata, mfalme, ambaye hazina yake haikutosha, aliwakabidhi makabaila vito na vyombo vya thamani wakae navyo kama rehani.

Mmoja wa waliotia mkataba ni Sir Thomas Erpingham wa Norfolk, mtu mzima aliyekaribia umri wa miaka 60, ambaye ndiye anayekumbukwa kwa kuwapanga wapiga upinde asubuhi ya vita na kurusha fimbo yake juu kuwapa ishara. Mkataba wake ulikuwa wa askari wa deraya 20 na wapiga upinde 60. Uwiano huo wa mmoja kwa watatu ndio uliokuwa wa kawaida katika msafara wa mwaka huo, na mimi naomba muuchukue kuwa kanuni ya kwanza ya ununuzi. Dukani macho huvutwa na farasi waliofunikwa vitambaa vya nembo na mabwana wenye manyoya kwenye chapeo, na ndiyo maana wakusanyaji wengi hujikuta na jeshi la mabwana watupu, jeshi ambalo halijawahi kuwepo. Mkichukua kisanamu kimoja kwa kila watu watano, kikosi kizima cha Erpingham ni visanamu 16: wanne wa deraya na 12 wa upinde. Hicho ni kikosi cha kweli, cha mtu wa kweli, kinachoweza kukamilishwa na mtu mwenye kazi na familia, na kinaweza kukua kadiri mtakavyopenda kwa kuongeza mikataba mingine.

Na watu hao 60 wana majina. Vyuo Vikuu vya Southampton na Reading vilifanya mradi wa kukusanya orodha za askari waliotumikia taji la Uingereza kati ya mwaka 1369 na 1453, na hazina hiyo ya majina iko wazi katika mtandao wa intaneti, bila malipo, kwa yeyote anayetaka kutafuta. Bwana wa deraya alijengewa kaburi kanisani. Tukitaka kumwona Thomas, Lord Camoys, aliyeongoza ubavu wa kushoto siku ile, twende Trotton katika Sussex, ambako yeye na mkewe wamechongwa juu ya bamba kubwa la shaba, wameshikana mikono, na kila kipande cha deraya yake kinaonekana. Mpiga upinde hana bamba wala sanamu ya alabasta. Ana mstari mmoja wa wino katika orodha ya malipo. Kwa sababu hiyo nawashauri wanafunzi wangu wachague jina moja kutoka katika orodha kwa kila mpiga upinde wanayempaka rangi, na waliandike chini ya kitako chake kwa wino usiofutika. Mtu akishaliandika jina, nimeona mara nyingi, hawezi tena kumaliza kazi ile kwa haraka haraka.

Sasa tuangalie alivaa nini, kwa sababu hapa ndipo wengi hupotea. Jehan de Waurin, aliyekuwa kijana upande wa Wafaransa, na Jean Le Fèvre, aliyekuwa upande wa Waingereza, wote wawili waliandika habari za siku hiyo, na maelezo yao juu ya wapiga upinde yanafanana. Wengi hawakuwa na deraya. Walivaa koti fupi lililoshonwa kwa tabaka za kitambaa, soksi zao ndefu za sufu zikiwa zimekunjwa hadi magotini, shoka na panga zikining'inia viunoni. Wengine walikuwa pekupeku na vichwa wazi. Wengine walikuwa na kofia za ngozi iliyochemshwa ikakauka na kuwa ngumu, au kofia za fito zilizosukwa na kukazwa kwa vipande vya chuma. Hatuna budi kukumbuka pia walikotoka. Jeshi lilikuwa limeuzingira mji wa Harfleur hadi ukasalimu amri tarehe 22 Septemba, na huko ugonjwa wa kuhara damu uliwaua na kuwadhoofisha watu wengi sana. Waliobaki walitembea kwa zaidi ya wiki mbili, katika mvua za vuli, na chakula kikipungua kila siku. Mpiga upinde aliyepakwa rangi angavu, nguo zake safi kama aliyetoka kwa fundi cherehani asubuhi ile, anaweza kupendeza kabatini, lakini huyo si mtu wa Azincourt.

Kila mwanajeshi wa Kiingereza alitakiwa avae msalaba mwekundu wa Mtakatifu George, mkubwa, mbele na nyuma, juu ya nguo zake. Amri ya namna hiyo ilikuwapo tangu wakati wa Richard wa Pili mwaka 1385, nayo Henry aliiendeleza. Kwa hiyo msalaba huo hauna hiari. Mikono mbalimbali iliushona kwa vitambaa mbalimbali, na naona ni haki kuupaka ukiwa umepinda kidogo kwa huyu, na ukiwa mwembamba zaidi kwa yule.

Kuhusu rangi ya nguo zenyewe, swali la kuuliza ni moja: mtu wa peni 6 angeweza kununua rangi gani? Sufu ambayo haikutiwa rangi, ya kijivu, ya kahawia au nyeupe iliyofifia, ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote. Wekundu wa kawaida ulitoka katika mizizi ya mmea uliolimwa Ulaya, nao ni wekundu wenye kuelekea kwenye tofali, usio mkali. Bluu ilitoka katika majani ya mmea mwingine wa Ulaya wenye chembe zilezile za nili tunayoijua, lakini zikiwa chache, hivyo kitambaa cha bei ndogo kilibaki na bluu hafifu yenye ukijivu. Manjano ilitoka katika mmea wa tatu, na kijani ilipatikana kwa kuchovya kitambaa mara mbili, katika bluu na katika manjano. Shabu ndiyo iliyosaidia rangi ishike kwenye uzi. Wekundu mkali kabisa, uliotokana na wadudu wadogo wanaokusanywa kwenye miti ya Mediterania, ulikuwa wa matajiri, na weusi mzito nao ulikuwa ghali. Kwa hiyo mkiwa na chupa 6 au 7 za rangi zilizochaguliwa kwa akili, mnaweza kuvika kikosi chote cha wapiga upinde. Rangi nyekundu iliyo kali wekeni kwa ajili ya msalaba wa bwana na bendera yake. Mkifanya hivyo, hata mtu asiyejua lolote juu ya vita hivi atatambua mezani ni nani mwenye mali na ni nani asiye nayo.

Upinde wenyewe unastahili neno lake. Tunazo pinde nzima zaidi ya 100 zilizopatikana ndani ya Mary Rose, meli ya kivita ya Kiingereza iliyozama mwaka 1545. Ni za baadaye kuliko Azincourt kwa miaka 130, lakini zimetengenezwa kwa mti uleule wa Ulaya uliosifiwa kwa pinde, na mti huo una rangi mbili: upande unaomwelekea adui ni mbao changa ya rangi ya maziwa yaliyoiva, na upande unaomwelekea mpigaji ni moyo wa mti, wa kahawia yenye wekundu. Wachoraji wengi hupaka upinde kahawia moja kutoka ncha hadi ncha. Mstari mmoja mwembamba wa rangi nyepesi mbele yake huchukua nusu dakika, na ghafla fimbo ya plastiki inakuwa silaha.

Kuhusu mkono na brashi, nitaeleza utaratibu ninaoufuata na kuufundisha. Osheni plastiki kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa sababu mafuta ya kalibu hukataa rangi. Pakeni rangi ya chini, ambayo mafundi wetu huiita praima, ya kijivu au ya kahawia nzito. Mimi napenda kahawia, kwa kuwa mahali brashi isipofika panabaki kama kivuli na si kama tobo. Rangi ziwe za akriliki, zilizolegezwa kwa maji, zipakwe mara mbili kwa wepesi badala ya mara moja kwa uzito, maana rangi nzito hufunika mikunjo ya nguo ambayo mchongaji aliihangaikia. Brashi ya manyoya ya asili yenye ukubwa wa namba 1 na ncha nzuri inashinda brashi ndogo kabisa, kwa sababu hiyo ndogo hukauka kabla haijafika kwenye kisanamu. Rangi za msingi zikikauka, pitisheni rangi ya maji maji yenye kahawia nyeusi itiririke kwenye mikunjo, kisha rudisheni rangi ya kwanza juu ya sehemu zilizoinuka, na mwisho mguso wa rangi nyepesi zaidi mabegani, magotini na kwenye ukingo wa kofia.

Nyeupe ya chini ya msalaba isianze na nyeupe. Ianze na kijivu chenye umanjano, ipande polepole, na nyeupe halisi iguse mahali pachache tu. Msalaba mwekundu ukipita mipaka, msihangaike kuufuta. Rekebisheni ukingo kwa nyeupe. Chuma cha deraya kianze karibu na weusi, kifuatwe na fedha juu ya sehemu zinazopokea mwanga, kisha rangi ya kivuli kwenye maungio, na mguso wa mwisho wa fedha kwenye chapeo. Mwaka 1415 askari wa deraya wengi walikuwa wameanza kuacha vazi la kitambaa juu ya chuma, kwa hiyo chuma kitupu kinachong'aa ni sahihi kwao, ingawa wazee wao bado wangeweza kuwa na pazia la pete za chuma likishuka kutoka kwenye chapeo hadi mabegani. Vichwa vya visanamu huuzwa vya aina nyingi, na nawasihi msichanganye chapeo za wakati huu na zile zenye mkia nyuma ya shingo, ambazo ni za vita vya ndani vya Uingereza vya miaka ya 1455 hadi 1487. Nusu karne ilipita kati yao, na mafundi wa deraya hawakulala.

Nyuso za watu hawa zilikuwa za wakulima na mafundi waliopigwa na upepo na mvua. Wekundu kidogo puani na mashavuni unafaa. Juu ya macho nina msimamo ambao wenzangu wengi hawaupendi: kwa kisanamu cha mezani, mstari mmoja wa giza chini ya nyusi unatosha, kwa sababu mboni zikipakwa, mtu wa milimita 28 huonekana daima kama aliyeshtuka. Kisha matope. Uwanja wa Azincourt ulikuwa shamba lililolimwa karibuni, mvua ilinyesha usiku kucha, na maelfu ya watu na farasi walilivuruga. Kahawia nyevu ipande kutoka kwenye nyayo hadi magotini, na kwa Wafaransa waliovuka uwanja ule kwa miguu ndani ya chuma, ipande hadi mapajani. Malizeni kwa vanishi isiyong'aa, isipokuwa juu ya matope, ambako mng'ao kidogo unafaa.

Nembo ndiyo sehemu ambayo vijana huipenda, nami nawaelewa. Zina sheria iliyo wazi: kuna madini mawili, dhahabu na fedha, ambazo kwa brashi tunazipaka manjano na nyeupe, na kuna rangi, hasa nyekundu, bluu, nyeusi na kijani; madini hayawekwi juu ya madini, wala rangi juu ya rangi. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya urembo. Ilimwezesha mtu kutambuliwa kutoka mbali, katikati ya vumbi. Erpingham alikuwa na uwanja wa kijani wenye ngao ndogo nyeupe katikati, imezungukwa na ndege weupe wasio na miguu. Mfalme Henry aligawa ngao yake mara nne: sehemu mbili bluu zenye mayungiyungi matatu ya dhahabu, kwa madai yake ya kiti cha Ufaransa, na sehemu mbili nyekundu zenye simba watatu wa dhahabu. Upande wa Ufaransa, bendera isiyoweza kukosekana ni Oriflamme, bendera nyekundu ya Abasia ya Saint-Denis, ambayo Guillaume Martel, bwana wa Bacqueville, aliibeba siku ile na kufa akiwa nayo. Haikupelekwa vitani tena baada ya hapo. Kwa kikosi cha visanamu 16 mnahitaji bendera moja tu. Tumieni nguvu zenu zote juu yake, na muwaache wapiga upinde wabaki na msalaba wao.

Tukifika mezani, mchezo unatulazimisha kujibu maswali ambayo msomaji wa kawaida huyaruka. Uwanja ulibanwa na misitu miwili, wa Azincourt na wa Tramecourt, upana wake ukiwa chini ya kilomita moja. Je, Wafaransa walikuwa wangapi ndani yake? Profesa Anne Curry, aliyezichambua hesabu za malipo za pande zote mbili, alifikia Waingereza wapatao 9,000 dhidi ya Wafaransa wapatao 12,000. Profesa Clifford Rogers, akitegemea zaidi wanahistoria wa wakati ule, anashikilia kwamba Waingereza walikuwa kama 6,000 na Wafaransa, pamoja na watumishi wenye silaha, kama 24,000. Kwa mkusanyaji hili si suala la vitabu pekee. Kwa kisanamu kimoja kwa kila watu 50, hesabu ya kwanza inadai visanamu 180 dhidi ya 240, na ya pili 120 dhidi ya 480. Mimi naegemea upande wa Curry, kwa kuwa nyaraka za malipo hazina sababu ya kujisifu. Lakini nimeshuhudia meza ya hesabu ya pili, na nakiri kwamba inaeleza vizuri zaidi jinsi watu walivyosongamana hadi wakashindwa kuinua mikono. Hayo ndiyo mazungumzo ninayoyatafuta katika mchezo. Kanuni nzuri zipunguze mwendo wa mwenye deraya katika matope, ziwape wapiga upinde vigingi vyao vilivyochongwa vya kuwazuia farasi, na zimruhusu Mfaransa anayecheza leo kusubiri, jambo ambalo makabaila wa siku ile hawakuliweza hadi mwisho.

Kuna jambo moja ambalo sikubali lifichwe, hata watoto wakiwepo, ingawa tutalisema kwa lugha inayowafaa. Vita vilipokaribia kumalizika, Henry alihofia shambulio jipya na akaamuru mateka wa Kifaransa wauawe, watu waliokwisha kusalimu amri na kuvuliwa chapeo. Wengine walinusurika, miongoni mwao Charles, Duke wa Orléans, aliyekaa kifungoni Uingereza kwa miaka 25. Sijaona kanuni ya mchezo inayoweza kubeba jambo hilo kwa heshima, na sidhani kwamba inapaswa kulibeba. Katika meza yangu tunasimamisha dadu pale mateka wanapoanza kukusanywa, tunakaa chini, na mmoja wetu anaeleza kilichotokea. Watoto wetu hapa Uingereza wanafundishwa ushindi huu shuleni. Nataka wale wanaoushika mikononi waujue mzima.

Kwa wanaotaka kuanza, gharama zinavumilika. Sanduku moja la plastiki la jeshi la Kiingereza la kipindi hicho lina watu zaidi ya 30, wanaotosha kikosi cha Erpingham na ziada ya kujifunzia. Ongezeni praima, chupa chache za rangi nilizozitaja, brashi mbili, kisu chenye ncha kali cha kukatia, ambacho mzazi ndiye atakayekishika, na gundi ya plastiki, inayotumika dirisha likiwa wazi. Visanamu vya zamani vya madini vina risasi, madini yenye sumu. Visiwe kwenye meza ya kulia chakula, mikono ioshwe baada ya kuvishika, na brashi isitiwe mdomoni kwa sababu yoyote ile. Panueni muda kuliko matumizi: wapakeni watu wanne kwa wakati mmoja, watatu wa upinde na mmoja wa deraya, na msifungue fremu nyingine kabla hao hawajapata vanishi.

Mjini mwetu hapa tuna Royal Armouries, jumba la makumbusho la silaha la taifa lililofunguliwa mwaka 1996, na kuingia ni bure. Nimemwomba mwenyekiti tukutane pale Jumamosi ijayo, kila mmoja na daftari na penseli, tuchore maungio ya magoti na viwiko kutoka kwenye deraya zenyewe kabla ya kugusa rangi ya fedha. Maswali ya brashi nitayajibu sasa. Ya deraya tuyapeleke huko.